Ukuta Usiofika Kwenye Paa

Akina mama wenzangu, usiku wa manane mama mmoja alishtushwa na kikohozi. Si cha mwanawe. Kilitoka chumba cha pili, kikapita juu ya ukuta, kikamfikia pale kitandani, maana ile ilikuwa nyumba ya kupanga isiyo na dari, na ninyi mnazijua nyumba hizo, ukuta unaishia njiani, juu ni paa moja kwa wote, mwenzako akikaanga pilipili unapiga chafya wewe. Kikohozi kikavu, kimoja, kingine, halafu kilio. Akavuta kanga, akamfunika mwanawe mchanga wa miezi saba, akasema moyoni, ngoja na jirani yangu aonje kukesha.

Mnaguna? Ngojeni kwanza niwaambie wivu ulivyoanza, kama mwenyewe alivyonisimulia.

Huyu mama, Mama Sekela, na jirani yake, Mama Lusajo, walikuwa na watoto wa rika moja, miaka miwili wote. Lakini Lusajo alitembea kwanza, akasema kwanza, na mashavu yake yalikuwa yale ya kufinywa na kila apitaye. Mama mwenye nyumba akitoka nje anamnyanyua Lusajo juu, Sekela anaambiwa tu, na wewe bibi, kula ukue. Jioni baba Lusajo akirudi, kicheko cha baba na mwana kinapita juu ya ukuta uleule, wakati mume wa Mama Sekela yuko safarini na malori, simu hapokei. Kicheko cha jirani unakizibaje? Na tusijifanye watakatifu hapa. Nani kati yetu hajawahi kusimama kliniki, mtoto wa mwenzake ananing'inia kwenye mzani, na macho yake yeye yako kwenye mshale?

Basi siku moja akapita dada mhudumu wa afya, nyumba kwa nyumba, anatangaza chanjo ya surua na rubela, kesho, pale shule ya msingi, watoto kuanzia miezi tisa. Mama Lusajo hakuwepo, alikuwa sokoni kwenye nyanya zake. Yule dada akamwomba Mama Sekela amfikishie. Na Mama Sekela alijua fika kwamba Lusajo hajachanjwa surua, mwenzake alimwambia mwenyewe siku wanafua, kwamba ilimpita wakati wanahama. Akajibu, haya dada, nitamwambia. Na alikusudia kumwambia, kweli kabisa. Lakini jioni kicheko kikaja juu ya ukuta. Akanyamaza.

Asubuhi akawabeba wanawe, akaenda kimyakimya. Sekela akachomwa sindano, akapakwa wino kwenye kidole kidogo, alama kwamba amepata. Yule mchanga akarudishwa, nesi akasema bado umri. Kufika nyumbani, Mama Lusajo yuko uani, akakishika kile kidole.

"Mkwe wangu, nani kakupaka wino?"

"Kachezea kalamu ya mpangaji wa mbele," Mama Sekela akajibu. "Wako angeshaimeza, anavyopenda kula."

Wakacheka wote wawili.

Wino ukafutika. Haukupita muda surua ikaingia mtaani, na ndipo usiku ule kikohozi kikasikika. Lusajo akatoka vipele, macho mekundu, akaugua vibaya, mashavu yale yakaisha, ila Mungu akamwinua. Sekela alikuwa anacheza pembeni yake na hakuguswa. Mama Sekela akashusha pumzi, akidhani yamekwisha.

Mnaukumbuka ukuta? Hewa iliyoleta kikohozi ilileta na kilichokuwa ndani yake. Yule wa miezi saba, aliyerudishwa na nesi, ambaye kinga aliyobakiwa nayo ni walio karibu naye kuchanjwa, akaamka anawaka moto. Vipele vikaja, ugonjwa ukashuka kifuani, wakaishia wodini, mtoto ana mpira wa oksijeni puani, mbavu zinaingia na kutoka, na mama hathubutu kuondoa macho, asije akakosa pumzi ya mwisho.

Mama Lusajo akaja na chupa ya uji. Akapiga magoti pale sakafuni.

"Mama Sekela, nisamehe. Mwanangu ndiye aliyemletea mwanao. Ningejua kuna chanjo, ningembeba nikakimbia naye."

Sasa ninyi mngefanyaje? Angeweza kusema nimekusamehe, na mwenzake angeondoka akimshukuru.

"Inuka," akasema. "Ule haukuwa wino wa kalamu. Niliambiwa nikwambie. Sikukwambia."

Wenzangu, sisi tunadhani wivu tunamfanyia jirani. Tunaficha habari njema tukidhani hasara itabaki upande wa pili wa ukuta. Ukuta gani? Paa ni moja. Mimi hapa nina mchanga mgongoni, umri haujafika, na Jumapili kuna mtoto alikohoa nyuma yangu kwenye benchi, nikaogopa mpaka wimbo ukanipotea, nikawa najiuliza kitu kimoja tu, huyu kachanjwa au hajachanjwa? Wako akichanjwa ndipo wangu analala. Kwa hiyo tukitoka hapa, kila mmoja wetu akagonge mlango wa yule anayemwonea wivu, huyohuyo, si rafiki yake, amwambie zahanati wanachanja lini.

Yule mchanga alipona, polepole. Lakini siku ile wodini hakuna aliyejua kama atapona. Mama Lusajo alibaki sakafuni, hamtazami mwenzake, anatazama zile mbavu ndogo. Halafu akafungua chupa, akamimina uji, akamshikisha kikombe.

"Kunywa, unanyonyesha. Ya chanjo nitamwambia kila mwenye mtoto, mtaa mzima. Hii ya wino, sitamwambia mtu mwingine."