Jabali Lenye Jibu Moja

Hapo kale kabisa, enzi ambazo wanyama walikuwa na milango na walijua kupiga hodi, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Mwambani. Tulieni basi. Na wewe uliyekaa hapo mwisho sogea, usije ukaniambia baadaye kuwa hukusikia.

Kijiji hicho kilitazamana na jabali refu, jeusi, lililosimama ng'ambo ya mto. Mbele ya Jabali hakuna aliyeruhusiwa kupaza sauti isipokuwa Kifaru. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji, kama baba yake na babu yake. Likitokea kosa, Kifaru alisimama ukingoni, akavuta pumzi, akauliza kama alivyofundishwa: "Fulani akae au atoke?"

Nalo Jabali likajibu kwa sauti nzito: "Atoke... toke... toke."

Basi fulani huyo alifungasha vyombo vyake na kuvuka mto. Tangu siku hiyo hakuna aliyeitikia hodi yake wala kutaja jina lake. Huo ndio ulikuwa mwiko. Naona mmeshaanza kucheka. Wao hawakucheka hata kidogo. Walisema Jabali ni kali, na kwa kuwa ni kali, basi lazima ni la kweli.

Pimbi naye alitolewa hivyo hivyo. Alikuwa binti mdogo wa kukaa mawemawe, na kosa lake lilikuwa kulia. Mama yake alipokufa alisimama ukingoni akaangua kilio, akasahau yuko mbele ya nani. Wenzake walimziba mdomo haraka, lakini kosa lilikuwa limekwisha kutendeka. Kifaru akauliza, Jabali likajibu, na kabla matanga hayajaanuliwa Pimbi akawa ng'ambo na kifurushi chake.

Alijipatia pango mahali mto unapopinda, mkabala na Jabali. Alipika chakula cha mmoja, akala, akaosha chungu kimoja. 

Asubuhi moja akapiga chafya. "Chya!"

"Chya," likajibu Jabali.

Pimbi alishtuka, kisha akafurahi mno. Kumbe Jabali lenyewe linamsalimu! Kuanzia hapo wakawa wanazungumza. Akiuliza, "Umeamka?" Jabali lilimuuliza, "Meamka?" Akisema ana njaa, Jabali nalo lilikuwa na njaa. Aliona amepata ndugu, tena ndugu mkubwa.

Msimu wa baridi ulipoingia, Pimbi akashikwa na mafua. Sauti ikakauka, ikawa kwaru kwaru. Alipolisalimu Jabali, nalo likajibu kwaru kwaru. Akajaribu tena, safari hii kwa sauti nyembamba ya kubana pua, na Jabali likabana pua.

Hapo akaelewa. Ndani ya jabali lile hapakuwa na mtu wa kumjibu. Ilikuwa sauti yake mwenyewe inakwenda na kurudi. Wanangu, msidhani alishangilia kwa kujua. Alilia siku nzima, kwa maana ndugu yake wa pekee alikuwa amekufa, na hakuwa na hata kaburi la kumlilia.

Aliyebaki alikuwa Paa. Huyu aliishi kijijini, na kila alipokuja kuteka maji aliinamisha kichwa akanong'ona, "Hujambo, mdogo wangu?" Pimbi akajibu kwa kunong'ona vilevile. Maneno yalikuwa matatu manne tu, lakini yalimtosha mpaka kesho yake.

Siku moja Paa alikuja bila mtungi. Alisema Ngiri amemsikia akitoa salamu na amekwisha kupeleka maneno kwa Kifaru. Kesho angeulizwa. Na Paa alikuwa na mtoto wa siku tano, ambaye bado hajajua hata kusimama vizuri. Kwa sheria ya Mwambani, mtoto hubaki.

"Nikitoka, atanyonya kwa nani?" akauliza Paa.

Nitawaambia kweli, maana sipendi kuwadanganya. Jambo la kwanza Pimbi alilolisikia moyoni lilikuwa furaha. Paa akitolewa, atakuja huku. Watapika chungu kikubwa. Kutakuwa na mtu wa kumwambia kwamba leo jua ni kali. Pimbi alikaa na furaha hiyo kwa kitambo, akiona aibu, asiweze kuitupa. Kisha akamfikiria yule mtoto wa siku tano akipiga hodi kwenye ukingo wa mto maisha yake yote. Kulipokucha akajifunga kibwebwe, akavuka.

Alipofika, wanyama walikuwa wamekusanyika. Walipomwona, wakageuza nyuso kama mwiko ulivyowataka. Kifaru, ambaye macho yake hayakuona mbali, alimtambua kwa harufu. Akamuuliza kwa ukali amefuata nini.

"Shikamoo, Bwana Kifaru," Pimbi akasema, akipiga goti. "Nimekuja niulizwe pamoja na Paa, mimi niliyepokea salamu zake. Ila nina wasiwasi juu ya heshima."

Kwa neno hilo Kifaru akasimamisha masikio. Hapakuwa na mnyama aliyejua taratibu za heshima kumshinda yeye, na wala hakuwa mnafiki. Aliliamini Jabali kwa moyo wake wote.

"Heshima gani?"

"Mtoto akikutana na mkubwa, huanza na lipi? Huanza na shikamoo, ndipo habari za nyumbani zifuate. Neno kubwa hutangulizwa. Sasa kati ya kukaa na kutoka, lipi ni neno kubwa?"

"Kutoka," akasema Kifaru. "Ndiyo hukumu yenyewe."

"Na sisi tunalitupa mwisho, baba, kama makombo. Mbele ya Jabali!"

Kifaru alitafuna mdomo. Ilimuuma kwamba ukoo wake wote umekosa adabu miaka yote hiyo na hakuna aliyewaambia. Akaenda ukingoni, akavuta pumzi: "Paa atoke au akae?"

"Akae... kae... kae."

Wanyama wakatazamana. Jabali halikuwahi kusema neno hilo tangu mababu. Kifaru akasafisha koo, akauliza juu ya Pimbi, atoke au akae. Jabali likasema akae.

Ngiri alinung'unika kuwa swali limegeuzwa. Kifaru, kwa kuwa alitaka kweli, akaligeuza kama zamani. Pimbi akae au atoke? Jabali likasema atoke, bila hata kufikiri.

"Sasa lipi ndilo neno la Jabali?" Kifaru akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Uliza juu yako mwenyewe, Bwana. Kwa namna ile ya zamani."

Wanyama walidhani atamkanyaga Pimbi. Lakini Kifaru aligeuka, akauliza kwa sauti ileile aliyowaulizia wengine: "Kifaru akae au atoke?"

"Atoke... toke... toke."

Na unajua alifanya nini yule mkubwa? Hakubishana. Aliinamisha pembe yake, akaingia majini aondoke. Pimbi akamkimbilia, akasimama mbele yake ndani ya maji yaliyomfika kidevuni.

"Rudi, baba. Hakuna aliyekufukuza. Hiyo ni sauti yako. Linarudisha neno la mwisho, lolote lile. Nimeishi nalo miaka miwili, nalijua."

Kifaru alisimama. Maji yalipita tu miguuni mwake.

"Nilikuwa na mdogo wangu," akasema. "Naye nilimuulizia kwa Jabali."

Hakuna mnyama aliyejua hilo, kwa kuwa jina halikutajwa tena. Kisha Kifaru akauliza, kama anavyouliza mtoto, kama si Jabali, basi nani huwasikiliza.

"Sijui," Pimbi akasema. "Labda yupo. Ila sisi tumepiga kelele tu, hatujawahi kunyamaza tumsikie."

Paa alirudi kunyonyesha. Pimbi akafungua mlango wa nyumba ya mama yake, akafagia vumbi la miaka miwili. Kifaru yeye alivuka, akafuata bonde akiita jina ambalo hakulitamka tangu ujana: "Chakwale! Chakwale!"

Sauti ikarudi kutoka jabalini, naye alijua sasa ni yake, akaendelea kuita. Alirudi siku ya nne, peke yake. Pimbi akamtengea mahali karibu na moto. Wakala pamoja.

Basi, wanangu, anayeuliza kwa namna moja tu maisha yake yote asidhani amejibiwa; amesikia sauti yake mwenyewe.