Nyumba ya Bure Kinywani mwa Mamba

Paukwa, enyi mlioketi!

Pakawa, na tuliosimama pia!

Palikuwa na ndege mdogo!

Awepo, na riziki yake aipate!

Palikuwa na kinywa kikubwa!

Kiwepo, lakini kikae ng'ambo!

Basi. Huyo ndege alikuwa kitwitwi, yule mwenye miguu myembamba kama njiti, anayekimbia mchangani twi-twi-twi, akasimama, akatazama nyuma, akakimbia tena. Kitwitwi wote hutazama nyuma, lakini huyu mmoja alizidi. Akipewa funza, alimgeuza kwanza tumbo. Akiambiwa, "Umeamkaje?" aliuliza, "Kwani umesikia nini?" Ndugu zake wakamwita Bi Shaka, na jina likamshika.

Kitwitwi walikuwa mafundi wa meno. Kuchokoa nyama iliyonasa, kutoa ruba kwenye fizi, kusugua gego mpaka ling'ae, kazi hiyo Mungu aliwapa wao na hakumpa mwingine. Kima alijaribu, mikono ikamtetemeka. Kunguru alijaribu, akaiba.

Mwaka ule kiangazi kilikuwa kikali. Mchanga ulikauka, wadudu wakaisha, kitwitwi wakawa wanalala na njaa. Ndipo akaja Kenge. Kenge alikuwa karani wa Mamba, na alijiita mpwa wake, ingawa udugu huo aliujua Kenge peke yake. Alipita ukingoni mwa mto akiburuta tumbo, kwaru-kwaru-kwaru, akitangaza:

"Kazi, kazi kwa Bwana Mamba!
Chakula bure, kivuli bure!
Aliyeajiriwa haachi kazi!
Kazi, kazi kwa Bwana Mamba!"

Ndege wakarukaruka kwa furaha. Madaha, mumewe Bi Shaka, ambaye kifua chake kilikuwa kikitangulia na mwenyewe akifuata, akasema, "Mke wangu, umesikia? Haachi kazi! Pahali ambapo mtu haachi kazi pana raha hapo."

"Haachi," akasema Bi Shaka, "au haachiliwi?"

"Ah! Umeanza."

Bi Shaka akamgeukia Kenge. "Bwana Kenge, kaka yangu Chande alikwenda huko kwenu msimu uliopita. Yuko wapi?"

"Chande!" Kenge akatoa ulimi, akaurudisha. "Chande amepanda cheo. Yuko ofisi ya ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani kabisa."

"Anatoka lini?"

"Mama, mkubwa wa ofisi ya ndani hatokitoki ovyo. Ana shughuli."

Ndege wote wakasema, "Aaa! Chande mkubwa!" Wakakubaliana kwenda wote, wazee kwa vijana, na Madaha mbele. Bi Shaka alipowatazama akaona ni kama watu wanaojipakia wenyewe kwenye sahani. Akasema, "Subirini. Nitangulie mimi nikapaone." Wakamcheka, lakini wakasubiri.

Akaenda, twi-twi-twi, akitazama nyuma, twi-twi-twi.

Mamba alikuwa amejilaza kwenye mchanga, macho nusu. Alipomwona akafanya sauti ya upole, kama mtu anayembembeleza mkwe.

"Karibu, binti yangu. Mimi kwangu fundi ni kama yai. Namshika hivi, polepole."

"Ahsante, bwana."

"Wanasema mimi mkali. Mimi si mkali, mimi nimeumizwa. Fundi wangu wa kwanza nilimchukua hajui gego wala chonge. Nikamfundisha kwa meno yangu mwenyewe, binti yangu, kwa meno haya haya. Alipoiva, purrr! Kaenda ng'ambo kwa Kiboko. Ati Kiboko ana meno machache, kazi nyepesi. Tangu siku ile nikaapa: fundi wangu hatanitoka tena."

Chozi likamtoka Mamba, likashuka polepole mpaka puani. Bi Shaka akalitazama lile chozi. Akalishuku.

"Fungua, bwana, nifanye kazi."

HAAAAA! Kinywa kikafunguka, joto likatoka, na harufu ya vitu vya zamani. Bi Shaka akaweka mguu mmoja ndani, mwingine akauacha nje. Ko-ko-ko, jino la mbele. Ko-ko-ko, la pili. Kazi ilikuwa nyingi, na kwa kweli chakula kilikuwepo, hilo Kenge hakudanganya. Akasogea. Ko-ko-ko. Akasogea tena, mpaka nyuma kabisa kwenye magego, na hapo mdomo wake ukagusa kitu laini.

Ulikuwa unyoya wa mkia, mweupe, na nchani una doa jeusi. Katika ukoo wao mwenye doa lile alikuwa Chande tu.

Bi Shaka hakulia. Alilia baadaye. Alisema moyoni, "Yarabi, nitoe," akaanza kurudi kinyumenyume, akigonga ko-ko-ko ili Mamba asijue kwamba kazi imekwisha, ko-ko-ko mpaka mdomoni, kisha purrr! akawa mchangani.

"Mbona unatoka?" Mamba akauliza, na taya lake lilikuwa tayari limeanza kushuka.

"Nakwenda kuwaita wenzangu, bwana. Kinywa hiki si cha fundi mmoja."

Mamba akatabasamu. Mamba akitabasamu hajafanya kitu, ndivyo alivyoumbwa, lakini siku ile alitabasamu zaidi.

Bi Shaka akarudi kwa ndugu zake akawaeleza. Unyoya wa mkia. Doa jeusi. Gego la nyuma.

Madaha akacheka. "Mke wangu, mtu akipanda cheo hubadili mavazi. Ulitaka aingie ofisi ya ndani na manyoya ya zamani?"

"Madaha, ni kaka yangu."

"Na mimi ni shemeji yake, nitamsalimu kesho."

Wengine wakasema Bi Shaka ana kijicho, anataka kazi ile aile peke yake. Njaa, wapendwa, ina masikio yake, nayo husikia "chakula" tu. Bi Shaka akaona kwamba kwa maneno hawezi kuwazuia. Kama wataingia, basi wataingia. La kutafuta ni namna ya kutoka.

Asubuhi akarudi kwa Mamba.

"Bwana, wako tayari."

"Wangapi?"

"Wote."

Mkia wa Mamba ukapiga maji, pwaaa! "Wote?"

"Wote. Ila wana sharti."

Macho ya Mamba yakawa membamba. "Nilijua. Kiboko amewaahidi nini? Sema! Amewaahidi nini yule mnene?"

"Kiboko hajaahidi kitu. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza. Wanataka nyumba."

"Nyumba? Mimi nawapa chakula, nawapa kivuli, sasa nyumba?"

"Bwana, fundi asiye na nyumba kazini, jua likishuka huruka kwenda kwake. Na fundi anayekwenda kwake, nani ajuaye atakakoamkia?"

Neno lile lilimgusa Mamba penye kidonda.

"Wajenge wapi?"

"Humo humo, bwana. Kinywani. Wakilala wako kazini, wakiamka wako kazini."

"Watalala humo? Wote?"

"Wote."

"Na baridi ikiwapiga?"

"Hapo, bwana, mlango utaufunga wewe mwenyewe."

Mamba akageuza uso kando, maana furaha ilikuwa inamtoka puani kwa mapovu, blup-blup-blup. Alipotulia akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Na nyinyi nyumba zenu huwa mnazijenga kwa kitu gani?"

"Miiba ya mgunga, bwana, na tope."

"Miiba!" Shaka likamrudia. "Miiba ya nini kinywani mwangu?"

"Ya nyoka. Ulipata kuona ndege asiyeogopa nyoka?"

Mamba akafikiri. Hakupata kuona. Akakubali.

Sasa tazameni. Mamba alikuwa na mafundi kitwitwi tangu ujana wake, mmoja baada ya mmoja, na hata siku moja hakumuuliza yeyote kati yao: unalala wapi? Lau angeuliza, angeambiwa. Kitwitwi hajengi. Kitwitwi hana kiota wala hajui kiota. Hulala mchangani, hutaga mchangani, juani, bila hata jani la kujifunika. Mtoto anayechota maji mtoni anayajua hayo. Mamba, tajiri wa mto mzima, hakuyajua.

Basi wakaja, kila mmoja na mwiba wake, maana Bi Shaka aliwaambia ndilo sharti la kazi. Mamba akafungua kinywa, HAAAAA, na ujenzi ukaanza.

Kitwitwi akaleta mwiba, akausimamisha, akaukandika tope. Kitwitwi akaleta mwiba, akausimamisha, akaukandika tope. Mwiba huku, mwiba kule, ncha juu, ncha chini, na Bi Shaka akipita katikati: "Usiulaze! Nyumba haijengwi kwa nguzo zilizolala. Simamisha!"

Madaha akatua na mwiba wake, akautazama, akapaza sauti, "Lakini jamani, tangu lini sisi kitwitwi..."

Bi Shaka akamkanyaga kidole.

"Haaa?" akauliza Mamba, maana kwa kinywa wazi hakuweza kusema zaidi ya hapo.

"Anasema, tangu lini sisi kitwitwi tumepata bosi kama huyu!"

"Haaa," akasema Mamba, akaridhika.

Madaha akanong'ona, "Umeniumiza."

"Simamisha mwiba, mume wangu."

Kumbe Kenge alikuwa amekuja kutazama. Na Kenge si Mamba. Kenge anatembea mchangani kila siku, na mayai ya kitwitwi ameyala mengi pale pale yalipotagwa. Akasogea karibu na Bi Shaka, kwaru-kwaru, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nyinyi hamjengi."

Bi Shaka akamtazama Kenge usoni, akaona kitu cha manjano kimekauka kidevuni. Akatazama kule ambako mayai ya mkewe Mamba yalikuwa yamefukiwa kwenye mchanga. Pale mchanga ulikuwa umefukuliwa kidogo, ukarudishwa vibaya.

Akasema, naye kwa sauti ndogo, "Bwana Kenge, una kiini cha yai kidevuni. Si yai langu. Mwaka huu sijataga."

Kenge akalamba kidevu. Akatazama Mamba, akatazama mchanga, akatazama juu kama mtu anayetafuta mvua.

"Jengeni," akasema kwa sauti kubwa. "Jengeni, mafundi! Jengeni vizuri!" Akaondoka haraka, na njia aliyoishika haikuwa ya ofisini.

Miiba ikakamilika. Bi Shaka akasema, "Bwana, usifunge mpaka tope likauke, vinginevyo nyumba zitaanguka na wote watarudi mchangani." Mamba akavumilia. Jua likampiga ulimi, nzi wakamtembelea, naye akavumilia, akihesabu mafundi wake kwa macho na kuwapenda.

"Haaa?" akauliza, maana yake, limekauka?

"Bado, bwana."

"Haaa?"

"Bado kidogo."

Ndege wakaingia, kila mmoja akasimama kwenye nyumba yake. Bi Shaka akawaambia, "Kila mtu akae katikati ya miiba yake. Asilale. Asinyooshe shingo." Wakaguna, lakini wakakaa. Alibaki yeye nje. Angeweza kuruka, na mbingu ilikuwa wazi. Lakini Madaha alikuwa mle ndani, kifua mbele, akichagua dirisha.

Je, miiba itatosha? Tope litashika? Bi Shaka aliyemshuku kila mtu sasa akaishuku kazi yake mwenyewe. Akasema, "Yarabi, wewe ndiye fundi." Akaingia. Safari hii miguu yote miwili.

"Haaa?" akauliza Mamba.

"Limekauka, bwana."

KWACHUUU!

Taya likashuka lote na nguvu zake zote. Na miiba yote ikasimama kama ilivyosimamishwa. Ya ncha juu ikaingia kaakaani, ya ncha chini ikaingia ulimini, na kadiri alivyouma ndivyo ilivyozama. Kinywa hakikufika hata nusu ya njia.

"HAAAAAAA!"

Sasa hiyo haikuwa ya kuuliza. Kinywa kikaruka wazi, na ndege wakatoka purrr, purrr, purrr, kama mchele unaopepetwa, huku Bi Shaka akiwapiga kwa bawa, "Toka! Toka! Na wewe, Madaha, acha dirisha!" Madaha alitoka wa mwisho, mkia ameuacha nyuma. Mamba akajitupa mtoni, chubwiii! Maji yakamjaa kooni, akarudi nchi kavu akikohoa, kinywa wazi.

Ndege wakakaa juu ya mwamba wakitetemeka. Kisha Madaha, asiye na mkia, akasogea kwa mkewe.

"Mke wangu."

"Naam."

"Chande... hakupanda cheo, siyo?"

"Hapana, mume wangu."

Ndipo Bi Shaka akalia.

Tangu siku hiyo Mamba hujilaza ukingoni na kinywa wazi mchana kutwa, maana kila akitaka kuuma hukumbuka miiba. Akipita mtu asiyejua, husema, tazama bosi yule, mlango wake wazi kwa kila mtu. Na mafundi anao, tena wengi kuliko zamani! Wanaingia, wanachokoa, wanashiba, wanatoka. Jioni wanakwenda kulala mchangani kwao. Hakuna hata mmoja anayekaa, na hakuna hata siku moja Mamba anayokosa fundi, naye mpaka leo hajui ni kwa nini.

Basi wapendwa, funzo la ngano hii ni kwamba dhana mbaya ni dhambi. Bi Shaka alimshuku mkubwa wake, akamsemea uongo, akamharibia kinywa mtu aliyempa kazi. Nyinyi msifanye hivyo. Bosi akilia, lieni naye. Akiwapa nyumba ya bure, msiulize mlango unafungwa na nani. Mkiambiwa fulani amepanda cheo, semeni Alhamdulillahi, mkamfuate. Na nyinyi wenye kuajiri, mafundi wenu washikeni kwa meno.

Ngano yangu imefika ukingoni. Utamu wake chukueni, uongo wake niachieni mimi, Mungu ni mwingi wa kusamehe.