Mwatime na Shuka la Magome

Kaa chini. Hapo hapo kwenye mchanga, nguo itafuliwa. Tulia usikilize, maana stori hii watu wa Tunguwe hawamsimulii mtu aliyesimama, kama vile anapita tu.

Zamani za mababu wa mababu, kisiwa cha Tunguwe kikiwa bado cha kaa na ndege, huko bara kwenye kijiji cha mdomoni mwa mto aliishi mwanamke anaitwa Mwatime binti Famau bin Shee, wa ukoo wa wasokota kamba, Mwatime wa mabega mapana, Mwatime Sikio la Bahari. Aliwahi kuing'oa peke yake nanga iliyowatoa jasho wanaume wazima, akaitupa ufukweni akaenda zake kupika. Lakini nguvu haikuwa sifa yake. Sifa yake ilikuwa tumbo. Kila alfajiri alilala kifudifudi juu ya mwamba, tumbo kwenye jiwe, na mawimbi yakipiga kule mbali, yeye anayasikia mwilini kama mama anavyosikia mtoto akicheza. Akiinuka anasema leo bahari itakuwa hivi, na inakuwa hivyo hivyo.

Siku moja aliinuka uso umembadilika. Akasema, "Bahari inakuja kulala kijijini. Tuondoke."

Wakamcheka. Shukri, mshona vyombo vya baharini, fundi wa maneno kuliko sindano, akamuuliza, "Dada, hilo tumbo linatabiri au lina njaa?"

Waliomfuata walikuwa wachache, na Shukri alikuwa mmoja wao, maana mkewe alimburuta. Bahari ikaja ikakilalia kijiji kweli, na hao wachache waliokuwa wamekimbilia kisiwani ndio waliozaa Tunguwe yote.

Sasa, kisiwa kilikuwa kizuri, kimeinuka, lakini maji matamu hakuna. Ikabidi wanaume wawe wanakwenda bara na mitepe, vile vyombo vya kushonwa kwa kamba, kujaza mitungi na kurudi. Na njia ya kurudi ni moja tu, mlango mwembamba kwenye ukuta wa matumbawe. Mwatime akasimamisha mlingoti juu ya mwamba wake. Akapandisha kitambaa cheupe, ingia. Akapandisha chekundu, usisogee, geuza chombo, kakae maji makuu mpaka kishuke.

Hicho chekundu kilikuwa shuka lake la harusi. Alilichemsha na magome ya mkandaa mpaka likawa rangi ya damu iliyokauka. Mumewe Kale, nahodha wa mitepe, alilitazama kwenye sufuria akasema, "Shuka letu hilo, mke wangu. Sasa tutajifunika nini?"

"Wewe rudi tu," Mwatime akamjibu. "Nikikuona sisikii baridi."

Na Kale alikuwa na tabia yake. Akikaribia kisiwa alipiga ubavu wa chombo kwa kitako cha kasia, ngo, ngo, ngo, na Mwatime aliyelala mwambani aliusikia ule mlio kabla jicho halijaona tanga. Alikuwa anatabasamu peke yake kama chizi, uso kwenye jiwe.

Ikaja safari moja wanaume wakachelewa. Mitungi ikakauka, watoto wakawa wanalamba umande kwenye majani. Alfajiri Mwatime akalala mwambani na kuikuta bahari ngeni. Upepo hamna. Juu kweupe, chini maji yametulia kama mafuta kwenye bakuli. Lakini chini ya huo utulivu kulikuwa na mawimbi marefu, mazito, yanakuja polepole, na kila moja linachelewa zaidi ya lililotangulia, kama pumzi ya mtu mkubwa sana aliyelala mbali sana.

Akainuka, akatamka. "Kuna tufani kusini huko. Yenyewe haitatufikia. Imetuma watoto wake, na watapitia mlangoni."

Alipokuwa bado anasema, mlio ukampata kwenye nyayo. Ngo, ngo, ngo.

Ee, jamani. Siku zote alizomngoja, midomo imepasuka kwa kiu, shingo imeuma kwa kutazama, na sasa matanga yale yanatokea, la Kale mbele. Angemwona leo hii. Angemshika.

Akachukua shuka la magome akalipandisha.

Bi Mwanajabu, mama yake Kale, alipanda mwambani kwa magoti. "Mwanangu, tazama maji yalivyolala. Hata mtumbwi wa mtoto unapita. Shusha hicho kitambaa, mume wako yule."

"Namwona, mama."

"Wana maji ya wajukuu zangu."

"Najua, mama."

"Una roho ya jiwe," Shukri akadakia. Mwanawe alikuwa kwenye chombo cha nyuma. "Umelalia mwamba mpaka umekuingia."

Mwatime alizungusha kamba kwenye kiganja chake, asiweze mtu kuishusha bila kumvunja mkono. Alimwona Kale amesimama omoni, mbele kabisa ya chombo, kiganja juu ya macho, anatazama. Mlango uko wazi mbele yake, unang'aa. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza, wa kwanza, na wenzake wakamfuata.

Watu walikuwa bado wanamlaani Mwatime bahari ilipojiinua pale mlangoni, bila upepo, bila sauti, ikasimama ukuta mzima ikaanguka. Likafuata wimbi la pili. Mlango ukawa povu tupu, na mwamba ukatetemeka chini ya miguu yao. Bi Mwanajabu akaishika ile kamba pamoja na mkwewe.

Mkia wa tufani uliwaletea mvua, wakanywa. Bahari ilipolala, kitambaa cheupe kikapanda, mitepe ikaingia mmoja mmoja. Mwana wa Shukri akaingia. Kale hakuingia, wala chombo chake. Wenzake walisema alikaa kati yao na mlango, akiwachunga wasiusogelee, mpaka mvua ikawatenganisha. Hakuna aliyemwona akizama.

Basi Mwatime akazeeka kwenye ule mwamba. Kila alfajiri alisoma bahari, akatangaza, halafu akarudi kulala tena kidogo, na huko kulala kwa pili hakukuwa kwa ajili ya bahari. Alikuwa anasikilizia kasia. Siku moja wakakuta kitambaa cheupe kinapepea na mwenyewe hayupo. Kwenye jiwe pamebaki mashimo mawili ya viwiko.

Leo Tunguwe wanapata habari za upepo na mawimbi ya bahari nzima kwenye simu, na wanasikiliza vizuri. Lakini kitambaa kinapandishwa bado, na hapandishi mtu yeyote isipokuwa mwenye mtu wake aliye nje baharini siku hiyo. Asiye na mtu nje haruhusiwi hata kugusa kamba.

Haya, wewe uliyekaa mchangani. Wako yuko kule, unausikia mlio wa kasia lake, koo limekukauka na mlango unang'aa kama kioo. Ungepandisha kipi?