Mabakuli Yaliyopinduliwa

Mtu mmoja alikuwa na ghala la kutunza, wala ghala halikuwa lake. Aliitwa Bruda Osbern, mtawa wa nyumba ya Holmere, katika jimbo moja la mashariki ya Uingereza, zamani zile ambapo karibu kila bonde la nchi hiyo lilikuwa na kengele ya watawa. Jimbo lilikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo. Moja ilisifiwa kwa mnara wake, nyingine kwa mifupa ya mtakatifu iliyolala chini ya altare, nyingine kwa sufu ya kondoo wake. Holmere haikuwa na mnara wala mifupa. Ilikuwa imejengwa kwenye ardhi ya chini, chini kuliko bahari yenyewe maji yajaapo, na kati ya mashamba yake na maji hayo palikuwa na tuta refu la udongo. Nyumba hiyo ilijulikana kwa jambo moja tu: iliwalisha wafu wake.

Desturi ilikuwa hivi. Mtawa alipofariki, nafasi yake mezani haikuondolewa. Kwa mwaka mzima bakuli lake liliwekwa mahali pake, likatiwa mchuzi wa maharage, na mkate ukawekwa kando, kana kwamba mwenyewe amechelewa tu njiani. Ndugu zake walikula kimya ubavuni mwa bakuli hilo. Baada ya sala ya shukrani, bawabu alilibeba hadi langoni, na hapo maskini mmoja alikula chakula cha marehemu. Kila marehemu alikuwa na mlaji wake, yuleyule mwaka mzima, na mlaji alilijua jina la aliyemlisha. Hakutia kijiko kabla ya kulitaja.

Mwaka mmoja homa iliingia Holmere wakati wa Kwaresima. Kufikia Pentekoste watawa kumi walikuwa wamezikwa, na kumi na wanne wakabaki. Kwa hiyo mabakuli kumi yakawa yanatoka langoni kila siku. Mjane aitwaye Hawise, mkata matete, alikula kwa Bruda Ailwin, ambaye enzi za uhai wake alikuwa akiiba chumvi jikoni. Hawise alilijua hilo, kwa maana nani hakulijua? Kila akipokea bakuli alisema, "Mungu amlaze pema Ailwin. Chumvi bado haitoshi, lakini huko aliko hawezi kufanya kitu." Mzee Wulfric, asiye na jino hata moja, alikula kwa Bruda Godwin, ambaye alikuwa msimamizi wa tuta. Yeye alisema, "Mungu amlaze pema Godwin, na amsamehe mwokaji wenu kwa haya maganda." Bawabu alicheka, ingawa kanuni haikumruhusu kucheka.

Kisha mvua ikanyesha wakati wa mavuno, na shayiri ikaoza ikiwa bado shambani.

Bruda Osbern hakuwa mchoyo. Jambo hili lisemwe wazi, kwa kuwa wapo wanaomhukumu haraka. Alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Aliingia ghalani, akapima kilichokuwapo, akakigawa kwa siku zilizobaki hadi mavuno mengine, akaona kwamba chakula kitaisha kabla ya kondoo kuzaa. Alirudia kupima, akapata jibu lilelile. Ndipo akakaa juu ya pipa tupu na kutafuta mahali pa kupunguza. Walio hai hawakupunguzika. Walikuwa wamekonda tayari. Lakini katika kila mikate ishirini na minne, kumi ilikuwa ya watu wasio na tumbo.

Alilipeleka jambo hilo mbele ya Abate Thurstan na ndugu wote. Abate alikuwa mzee mwenye huruma, naye aliogopa kitu kimoja kuliko njaa, yaani kuonekana kuwa ndiye aliyevunja desturi ya waanzilishi. "Desturi itavunjika, Osbern?" aliuliza.

"Haitavunjika, Baba," Osbern akajibu. "Bakuli la kila marehemu litawekwa mahali pake kama zamani. Litapinduliwa tu, kwa kuwa halina kitu ndani. Na kwa kila bakuli lililopinduliwa tutasali sala moja kwa ajili ya yule ambaye angekula."

Ndugu walitazamana. Hakuna aliyeona kosa. Sala iliongezwa, bakuli likabaki, na mkate ukapatikana. Abate akashusha pumzi na kukubali.

Osbern hakumwachia bawabu kazi ngumu. Alikwenda langoni mwenyewe kuwaeleza walaji. Aliwaeleza kwa upole na kwa mpangilio: homa, mvua, ghala, idadi. Mwishowe akawaambia kwamba hawakupoteza kitu, kwa sababu sala ni kubwa kuliko mkate, nayo itasaliwa kila adhuhuri bila kukosa.

Wulfric alikuna kidevu. "Bruda, mimi nakushukuru," alisema. "Lakini tumbo langu halijui Kilatini."

Watu wakacheka, Hawise peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kijiko chake cha mbao, na nyumbani alikuwa na baba mkwe asiyeweza kuinuka kitandani, ambaye kila siku alipelekewa nusu ya mkate wa Ailwin. "Sala ni kubwa, ndiyo," alisema. "Basi kuleni hiyo kubwa ninyi, mtuachie sisi hii ndogo."

Osbern hakukasirika. Aliona kwamba mwanamke huyo hakuelewa hesabu, akamwonea huruma, akarudi ndani.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo Osbern mwenyewe hakulielewa. Kila mwaka, baada ya mavuno, watawa walitoka na majembe kuziba nyufa za tuta kabla ya dhoruba za baridi. Siku hizo Osbern hakutoka kamwe. Ndizo siku za kutia nyama chumvi, naye alikuwa ghalani, mikono imelowa hadi kwenye viwiko. Hivyo hakuwahi kuona kwamba walaji wa langoni nao walifika na matenga yao ya matete, bila kuitwa wala kulipwa, na kila mmoja alisimama katika nafasi ya marehemu wake. Aliyekula kwa marehemu fulani alibeba udongo mahali pa marehemu huyo. Hakuna sheria iliyowaagiza. Wao waliona tu kwamba mtu akila kwa jina la mwenzake, hawezi kuliacha jina hilo likiitwa mvivu. Wala tuta halikuwa likilinda nyumba zao. Wao waliishi juu, kwenye mgongo wa kilima, ambako bahari haifiki. Ndugu wengine waliwaona tu kama watu wa kilimani waliokuja kusaidia, wala hawakuwahi kuwahesabu; aliyejua maana ya hayo yote ni Godwin, msimamizi wa tuta, naye Godwin alikuwa kaburini.

Mwaka huo walaji hawakufika. Watawa kumi na watatu walifanya kazi hadi migongo ikakataa, na nyufa nyingi zikabaki. Jioni, wakinawa miguu, mmoja wao alisema kwa mzaha, "Tuta limerefuka mwaka huu." Wakacheka kwa uchovu, wakaenda kusali. Osbern alisikia, naye alicheka pamoja nao.

Majira ya baridi yakapita. Chakula kikatosha, kama Osbern alivyokadiria. Kila adhuhuri mabakuli kumi yalikaa mezani, migongo juu, kama kobe waliolala, na sala kumi zikasaliwa. Kabla ya Krismasi zilifika habari kutoka kilimani kwamba Wulfric amekufa. Osbern hakuwa mtu wa kusahau wajibu. Aliagiza aombewe, naye akaombewa. Baadaye Abate alimsifu Osbern mbele ya ndugu wote kwa kuiokoa nyumba.

Mwezi wa Machi, katika siku zile ambazo maji hujaa kuliko kawaida, upepo ulitoka kaskazini-mashariki na kukaa siku tatu. Asubuhi ya siku ya nne bahari ilianza kupenya kwenye nyufa zilizoachwa. Kengele ikapigwa mfululizo. Watawa wote, ila Abate, wakakimbilia tutani, Osbern akiwa miongoni mwao, maana sasa hapakuwa na nyama ya kutia chumvi. Alisimama katika maji yaliyofika mapajani, akapokea udongo kwa mikono, akauona ukiyeyuka kabla hajaushindilia. Alipotazama urefu wa tuta, aliona kwa jicho lake la hesabu kwamba watu hawatoshi. Nyuma yake mashamba yote ya Holmere yalikuwa wazi, na mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa.

Ndipo akawaona watu wakishuka kutoka kilimani. Walikuwa na majembe, na migongoni walibeba matenga. Mbele yao alikuwa Hawise. Osbern hakukumbuka kama aliwahi kufurahi namna ile. Alianza kuwahesabu wakiwa bado mbali.

Walifika tutani, wakatua matenga yao. Kila mmoja alilipindua tenga lake, mdomo chini, akaketi juu yake. Kisha wakaiweka mikono magotini na kuinamisha vichwa.

"Mnafanya nini?" Osbern akapiga kelele. "Mama Hawise! Maji yanaingia!"

Hawise akainua uso. "Tunawaombea, Bruda," alisema. "Sala ni kubwa kuliko udongo. Ndivyo tulivyofundishwa langoni kwenu."

Osbern aliutua udongo aliokuwa ameushika. Aliyatazama matenga yaliyopinduliwa, akayaona mabakuli. Kwa mara ya kwanza alitazama pia mahali walipoketi: hawakuketi ovyo, bali mmojammoja, kwa nafasi, kando ya zile nyufa ambazo mwaka huo hazikuzibwa. Bruda mmoja aliyekuwa karibu naye alimwambia, akihema, kwamba hizo ndizo zilizokuwa nafasi za marehemu. Basi hesabu yake ikamrudia yote, kuanzia kwenye lile pipa tupu. Haikuwa na kosa la kujumlisha wala la kugawa. Alikuwa amehesabu kila kilichotoka langoni, lakini hakuwahi kusimama mahali ambapo angeona kinachorudi.

Alipanda tutani, akakimbia hadi bwaloni huku kanzu yake ikimwaga maji. Chakula cha adhuhuri cha walio hai kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Aliyageuza mabakuli kumi, moja baada ya jingine, akayatia mchuzi uliokuwa wa ndugu zake na wake mwenyewe, akayapanga manane kwenye ubao, akakusanya mikate yote katika kitambaa cha meza. Abate, ambaye miguu yake haikuweza tena kufika tutani, alimkuta mlangoni.

"Osbern, ndugu zako watakula nini?"

"Na shamba likiwa bahari, Baba, watakula nini?" alijibu, akapita. Abate alitazama mikono ya Osbern, ambayo haikutosha, akachukua mabakuli mawili yaliyobaki na kumfuata polepole kwenye tope.

Osbern aligawa mabakuli kwa majina. Hakuwa na maneno mengine, ila majina alikuwa nayo yote. Alipomfikia Hawise, alimpa bakuli akasema, "La Ailwin." Maji ya bahari yalikuwa yamerukia mkate. Hawise akaumega, akautia mdomoni, akautafuna taratibu huku akimtazama.

"Mungu amlaze pema Ailwin," alisema. "Leo chumvi imetosha." Akalijaza tenga lake udongo, na wenzake wakainuka.

Lilibaki bakuli moja mikononi mwa Osbern, na mkate wake. Alikwenda nalo huku na huko kwenye tuta akitafuta. "La Godwin," alisema. "Nani anakula kwa Godwin?"

"Aliyekuwa akila kwake ni Wulfric," Hawise akamjibu bila kugeuka. "Huyo mlikwisha kumwombea."

Walifanya kazi hadi maji yalipoanza kurudi nyuma. Tuta likasimama kila mahali, isipokuwa pale palipokuwa pa Godwin. Osbern aliliweka bakuli chini, akasimama hapo mwenyewe, akabeba udongo kwa nguvu zake zote. Lakini alikuwa mtu wa ghala, hakujua namna ya kuushindilia kama Wulfric alivyojua, yeye aliyekuwa amebeba udongo kwa majina ya marehemu wa miaka ya nyuma. Bahari ikapita mahali pa mtu mmoja. Ilichukua shamba la chini, lile lililokuwa jema kuliko yote, na kwa miaka mingi halikuota kitu ila majani ya chumvi. Mashamba mengine yakapona.

Tangu siku hiyo hapakuwa na bakuli lililopinduliwa Holmere, hata katika miaka mibaya zaidi, nayo ilikuwapo. Osbern aliendelea kutunza ghala, na aliendelea kupima. Ila kila adhuhuri aliomba ruhusa ya bawabu, akabeba bakuli mojawapo hadi langoni kwa mikono yake, akasubiri mpaka jina litajwe.

Na wewe uliyeandaliwa meza, na pembeni yako pana nafasi ya aliyekutangulia: bakuli lake leo limetazama juu, au umelipindua, ukaona inatosha kumwombea yule ambaye angekula?