Majivu kwenye Njia ya Barafu

Juu ya mlima mmoja wenye barafu kulikuwa na mgodi, na tajiri mwenye mgodi aliishi chini, kwenye joto. Wapagazi walipandisha unga na mafuta ya taa kwa wachimbaji, wakashusha mawe ya madini. Walikuwa na desturi yao. Kila aliyeshuka alichukua mfuko wa majivu jikoni kwa Tusekile, mpishi wa mgodini, akayamwaga kwenye barafu njia nzima. Yeye mwenyewe hakuyahitaji, maana anayeshuka anaweza hata kukaa chini akateleza. Yalikuwa ya anayepanda na mzigo.

Siku moja tajiri aliiona ile mifuko ikifika chini na masalia ya majivu, akakasirika. Akauliza tangu lini mgodi wake unachimba uchafu. Akaamuru mahali pa majivu yawekwe mawe. Wapagazi walimcheka pembeni, wakasema bosi anadhani mlima una ngazi. Lakini walitii. Mawe yakashuka mengi kuliko zamani, na tajiri akachinja ng'ombe kwa furaha.

Unga haukupanda. Mpagazi wa kwanza aliteleza, akarudi akichechemea. Aliyemfuata, Ambindwile, mume wa Tusekile, alitumbukia bondeni, na unga wake ukatapakaa juu ya barafu. Tajiri akasema watu wa siku hizi ni wavivu. Huko juu wachimbaji walikuwa wanakwangua sufuria tupu.

Ndipo Tusekile akashuka. Hakuteleza. Alishuka kwa miguu, akimwaga mbele ya kila hatua majivu ya mwisho ya jiko lililozimika. Alipita hata pale palipotapakaa unga wa mumewe. Tajiri alimpokea kwa kumuuliza mbona amekuja bila jiwe.

“Mawe yako yote yameshuka, bosi,” Tusekile akasema. “Sasa beba gunia, upande wewe.”

Tajiri aliweka mguu mmoja kwenye barafu, akautoa. Wapagazi hawakungoja amri yake. Walibeba magunia, wakampita, wakakanyaga majivu ya yule mama mpaka juu. Walipofika, baadhi ya wachimbaji walikuwa hawaamki tena. Na kwenye mazishi tajiri alikaa kiti cha mbele.

Nanyi mlioshuka mikono ikiwa imejaa, mnaokaa chini mkituuliza sisi wenye mizigo kwa nini hatupandi, majivu yenu mliyamwaga wapi?