Zimwi Lililoziba Mto

Sogeeni karibu na moto, wasikilizaji. Palikuwa na mjane, Kokushubira, mvuvi wa ningu, wale samaki wanaopanda mto wakati wa masika kwenda kutaga mayai. Mwaka huo zimwi lilikaa kwenye maporomoko, likaziba mto na kumeza kila samaki aliyeruka. Kijijini watoto wakalala njaa.

Kokushubira akachukua ngoma, akaenda hadi kwenye maporomoko.

"Umekuja nikumeze?" likauliza zimwi.

"Kwanza nikupigie ngoma, babu. Kunimeza hakuna haraka."

Akapiga, ti-ndi-ti! Zimwi likatikisa mabega, ningu wachache wakapenya. Akapiga, ti-ndi-ti! Zimwi likainua mguu, kundi zima likapita. Akapiga, ti-ndi-ti! Zimwi likaruka juu, na mto wote ukajaa samaki.

"Umenihadaa!" likanguruma.

"Kweli, babu. Basi niache kupiga?"

Zimwi likajikuna kichwa. Tangu lizaliwe, hakuna aliyewahi kulichezesha.

"Piga," likasema kwa aibu. "Ila tuhamie ukingoni. Hapa nateleza."

Wakahamia, na mto ukabaki wazi. Hadithi yangu naitua hapo. Mwenye njaa akaange samaki.