Steringi Asiyepiga Mtu

Hapo zamani, kabla sinema hazijaingia mifukoni mwa watu, kijiji cha Kwemkole kilikuwa na banda moja tu la video, nalo lilikuwa la Bi Semeni. Kuta za mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, na jenereta huko nyuma inakohoa kama mzee mwenye pumu. Watu walikaa kwenye mabenchi, wamebanana, jasho moja. Lakini mbele kabisa, karibu na televisheni, palikuwa na kiti cha mikono chenye mto wa sufi. Kiti cha marehemu mumewe, Mzee Mhina, aliyelijenga banda lile kwa mikono yake. Tangu azikwe, hakuna aliyekikalia.

Basi banda lile lilikuwa na sheria zake. Steringi, yaani shujaa wa picha, hafi. Steringi hashindwi. Steringi halii. Na adui lazima apigwe mpaka mama yake asimtambue. Picha ikiisha, vijana walitoka nje wakajaribiana mateke waliyoyaona. Leo huyu kavimba jicho, kesho yule kachanika suruali mbele ya wakwe. Mpaka siku ile pandikizi la mtu aitwaye Kisiki, mpasua mbao, alipomng'oa jino mpwa wa mwenyekiti wa kijiji.

Mpwa wa nani? Wa mwenyekiti! Loo.

Asubuhi yake Mzee Shekigenda, mwenyekiti mwenyewe, alifika akiwa na kufuli jipya mkononi, kubwa kama kobe.

"Shikamoo, mwenyekiti," akasema Bi Semeni.

"Marahaba. Semeni, kufuli hili unaliona?"

"Naliona."

"Wakipigana tena mlangoni pako, hata kofi moja, nalifunga banda, na ufunguo nautupa mtoni."

"Mwenyekiti, mimi mjane. Banda hili ndilo shamba langu. Ndilo ng'ombe wangu."

"Basi mwambie ng'ombe wako asipige watu pembe."

Bi Semeni akaingia bandani, akashika mgongo wa kile kiti, akalia kidogo. Kisha akajifuta kwa upindo wa kanga, akatoka, akaapa mbele ya watu: "Atakayeliokoa banda langu, kiti cha Mhina ni chake. Atakikalia bure mpaka siku wanayomtia udongoni."

Watu wakatazamana. Nani hataki mto wa sufi?

Mikanda ya video ililetwa na Mhando, dereva wa lori la machungwa, kila aliporudi kutoka Tanga mjini. Bi Semeni akamwagiza: "Mwanangu, niletee ya mapigano, la sivyo hawaji. Lakini yawe mapigano ya adabu."

Mhando akacheka mpaka akaegemea tairi. Aliporudi alileta mkanda wenye picha ya mtu anayeruka angani, joho jekundu linapepea. "Shangazi, huyu ana nguvu za kunyanyua nyumba," akasema. "Usiniulize zaidi."

Alasiri ile banda likafurika. Kisiki alikalia benchi peke yake, maana akikaa yeye wengine hawaenei. Mzee Shekigenda akasimama mlangoni, kufuli limevimba mfukoni mwa koti. Pembeni ya televisheni akakaa Kibwana, mtafsiri, waliyemwita Mdomo wa Radi. Huyu Kibwana alikuwa akitia chumvi mpaka picha inashikwa na kiu. Watu wakisalimiana kwenye televisheni, yeye husema wanatukanana. Wakioana, husema bibi harusi ameficha kisu.

Picha ikaanza. Watu wakangoja ngumi. Steringi akaruka, akatua, akamchotea maji bibi kizee. Wakangoja teke. Steringi akaruka, akatua, akaezeka paa la jirani. Wakangoja kichwa. Steringi akaruka, akatua, akaosha vyombo.

"Steringi gani huyu, mtumishi wa ndani?" mtu akapiga kelele.

"Subirini adui!" wengine wakajibu.

Adui akaja, macho mekundu, mgongoni mtoto mchanga analia. Akamzaba steringi kofi. Banda zima likasimama. Steringi akamnyanyua adui juu ya kichwa, juu kabisa, na watu wakaimba, "Mbwage! Mbwage! Mbwage!"

Steringi akamshusha polepole. Akamweka kitini. Akasema neno moja kwa lugha yao.

"Kasemaje?" watu wakauliza. "Kibwana, kasemaje? Tia chumvi, bwana!"

Hapo Kibwana akajua mambo mawili. Akisema, "Nitakuchinja," watampigia makofi. Akisema kweli, watamzomea. Bi Semeni alimtazama, mkono uko juu ya kiti cha marehemu.

"Amemwuliza," akasema, "umekula?"

Kwenye televisheni adui akaanza kulia, na steringi naye akalia. Kisha steringi akalipasua joho lake jekundu, akafanya mbeleko, akambeba mtoto wa adui huku akikoroga uji. Picha ikaishia hapo, kwenye uji!

Weee! Walitoka wanafoka. "Kibwana, Mdomo wa Radi gani wewe? Mdomo wa uji!" Na Mbaruku, fundi baiskeli, mfupi mwenye hasira za siafu, akamwona Kisiki anafuta macho kwa shati.

"Unalia! Dume zima linalilia mbeleko!" Akaruka, akamzaba kofi. Paa!

Mzee Shekigenda akachomoa kufuli. Moyo wa Bi Semeni ukamshuka mpaka kwenye kandambili. Kisiki akamnyanyua Mbaruku juu ya kichwa, juu kabisa, na watu wakaimba, "Mbwage! Mbwage! Mbwage!"

Kisiki akamshusha polepole. Akamweka kwenye benchi la nje, akamchutamia.

"Mbaruku," akasema, "umekula?"

Mbaruku akapepesa macho. "Mke wangu amenuna," akajibu kwa sauti ndogo. "Tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mpwa wa mwenyekiti naye akacheka, na pengo lake lote nje. Wanawake wakaleta makande, Bi Semeni akaleta chai, na kufuli likarudi mfukoni. "Leo nimeona kofi," akasema Mzee Shekigenda, "lakini vita sikuviona. Silifungi."

Kesho yake mapema, kabla Bi Semeni hajafagia, wadai watatu walikuwa wamekwisha kusimama mbele ya kiti.

Mhando akasema: "Shangazi, kiti ni changu. Picha ile niliiona mjini nikalia dukani kwa watu. Uliniagiza ngumi, nikakuletea uji, nikijua utanifukuza. Nisingeileta, wangeona nini?"

Kibwana akasema: "Dada, kiti ni changu. Miaka yote nimewadanganya, siku moja nikasema kweli, na sasa hata watoto wananiita Mdomo wa Uji. Nimelitoa jina langu sadaka. Kama ningesema, 'Nitakuchinja,' Kisiki angemwambia nini Mbaruku?"

Kisiki akasema: "Mama, mimi maneno sina. Picha waliiona wote. Kweli waliisikia wote. Kofi nililila mimi peke yangu."

"Na jino ulilitoa wewe peke yako!" akadakia Mhando. "Uliyeleta balaa ndiye uzawadiwe?"

"Na wewe uliyemkaidi aliyekutuma?" Kibwana akamgeukia.

"Na wewe, muuza chumvi?" akarudisha Mhando.

Mara mlangoni pakasikika kikohozi. Alikuwa Mzee Shekigenda, kofia mkononi. "Semeni," akasema, "mgongo wangu nao unauma. Lisingekuwepo kufuli langu, nani angehangaika kuwa mwema?"

Bi Semeni akawatazama wote. Kiti ni kimoja, hakikatwi kwa msumeno. Kiapo ni kimoja, hakirudishwi mdomoni. Nje watu walikwisha anza kugonga mabati, wanaitaka tena ile picha ya uji. Akaukung'uta mto wa sufi, vumbi la Mhina likapanda, akasogea kando kumpisha atakayekikalia.

Nanyi mlioketi hapa, msinitazame mimi. Na Bi Semeni aliwatazama watu vivyo hivyo. Aliyeleta, aliyesema, aliyetenda, au aliyetisha: je, nani alistahili kukalia kiti cha Mzee Mhina?